Kodi ya Miezi Niliyokaa Eda

Mume wangu alizikwa mwezi wa nne, mvua zikiwa za mwisho mwisho, na mwezi wa tano mshahara wake haukuingia. Hakuna aliyepiga simu kuuliza chochote. Shemeji yangu alipeleka cheti cha kifo kwa mwajiri siku chache baada ya hitma, na ikatosha. Mshahara ukakatika, na kodi iliyokuwa ikikatwa ndani yake ikakatika papo hapo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alilipa kodi kila mwezi tangu alipopangiwa kazi ya kwanza kule Kasansa, na hakuwahi kusimama kwenye foleni hata siku moja ili ailipe. Akafa, ikaisha.

Nilikaa ndani na eda yangu nikilijua hilo, na kwa kulijua hilo nikafanya kosa. Nilidhani serikali ni moja. Nilidhani ile iliyojua haraka hivyo kwamba mwalimu hayupo, inajua pia kwamba mjane wake amekaa chumbani na hashoni.

Mimi ni fundi cherehani. Nina fremu ndogo karibu na soko hapa Mpanda mjini, mlango mmoja na baraza la kutosha mashine na kiti cha mteja. Nimesoma hadi darasa la saba. Hesabu nazijua za mkononi, za futi kamba na za chenji, lakini kitabu cha mapato na matumizi sijawahi kufundishwa. Nina daftari langu. Kila nguo ninayokata, natoa kipande cha kitambaa kama upana wa vidole viwili, nakibandika kwa pini kwenye ukurasa, na pembeni naandika vipimo kwa penseli na bei tuliyokubaliana. Mteja akirudi mwaka mwingine akasema, "Nishonee kama ile," namwuliza ile ipi, tunafungua daftari, anaweka kidole. Alinifundisha hivyo mama mmoja wa Kinyamwezi niliyejifunza kwake kazi. Yeye hakujua kusoma kabisa. Alikuwa na vipande tu, na aliwajua wateja wake wote kwa vitambaa vyao.

Cherehani changu ni cha miguu na kinakaa dukani. Mashine ya pili ni ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo zisichanike, na hiyo ndiyo niliyotakiwa kuiuza.

Aliinunua mwalimu. Alikuwa amepanda daraja na mshahara mpya ukachelewa kubadilishwa, mwisho wakamlipa malimbikizo yote kwa pamoja. Wenzake walinunua bati, mmoja alinunua pikipiki. Yeye alipanda treni hadi Tabora, akarudi na ovaloki imeviringishwa blanketi kama mgonjwa, na njia nzima hakukubali iwekwe chini. Alipoifungua alisema, "Hata hii wamekata kwanza kabla ya kunipa. Lakini kilichobaki kimetosha." Kabla ya siku hiyo nilikuwa nafunga kingo kwa mkono, sare za shule za nyumba nzima, hadi kidole cha kati kikaota sugu.

Kila mwisho wa mwezi alikuwa ananisomea karatasi yake ya mshahara, salari slipu, kama mtu anayesoma majina ya waliofariki. Kodi. Mfuko wa pensheni. Bima. Mkopo wa benki. Chama cha walimu. Halafu anaikunja na kuiweka chini ya redio. Mimi nilikuwa namcheka. Mimi sikuwa nakatwa chochote mwisho wa mwezi. Hela ya mteja niliipokea yote mkononi mwangu, na nilijiona mjanja.

Sasa niseme la ujanja wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka ule, mwalimu akiwa mzima, nilikwenda kufanyiwa makadirio ya kodi kama kila mwaka. Afisa aliniuliza fremu nalipia kiasi gani, nashona nini, nina vyerehani vingapi. Nikasema kimoja. Ovaloki ilikuwa nyumbani chumbani, imefunikwa kitenge, na ndiko nilikokuwa nikimalizia nguo. Niliipeleka huko makusudi. Sikuipeleka kwa kukosa nafasi dukani.

Jioni mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari mezani.

"Umewaambia mashine ngapi?"

"Moja."

Akageuza shingo akatazama chumbani. "Na huyo mgeni uliyemfunika kitenge?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akafunga kalamu yake, akasema, "Mimi wananivua shati nikiwa nimelala. Nikiamka liko kwao, sina la kubisha. Wewe unaambiwa uvue mwenyewe, mbele za watu, kwa mikono yako. Najua yako ndiyo ngumu. Lakini mke wangu, usivue ukabakiza mkono mmoja ndani."

Sikurudi ofisini. Mwezi wa tatu nikalipa awamu ya kwanza, kwa makadirio ya mashine moja. Mwezi wa nne akaugua siku sita, ya saba akafa.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Kwetu mjane hatoki kwenda sokoni, hajipambi, hafanyi biashara. Wapo wanaosema mwenye shida anaweza kutoka mchana akatafute riziki, na sibishani nao. Mimi nilikaa. Fremu ilifungwa, kodi ya pango ikaendelea kulipwa kwa rambirambi za walimu wenzake. Cherehani kilikuwa dukani na ufunguo alikuwa nao jirani yangu, fundi wa Kisukuma ambaye fremu yake imepakana na yangu. Chumbani nilikuwa mimi, kitanda, na ovaloki.

Mwezi wa saba shule zilipofungua, wanawake waliokuja kunitazama walianza kunishawishi. Sare zinatafutwa mji mzima, mpunga umeuzwa, watu wana hela. "Mashine hiyo hapo. Azima cherehani kwa mtu, shona humuhumu ndani, nani ataona?" Mmoja alikuja na kitambaa kabisa, kaki na nyeupe, akakiweka juu ya kitanda. Nilimrudishia. Hawakuelewa na sikuwaeleza. Mashine ile nilikuwa nimeshawaficha watu wa kodi. Sikutaka kumficha tena na aliyeinunua.

Nilipotoka eda mwezi wa tisa, jambo la kwanza nililofanya dukani ni kufungua daftari. Kipande cha mwisho kilikuwa kaki, cha suruali niliyomshonea mwalimu aivae kazini, aliivaa mara mbili. Mteja wa kwanza alikuwa tayari amesimama barazani na kitenge cha manjano. Nilichukua pini nikashindwa. Sikuweza kubandika manjano pale chini ya kaki kama vile ni kesho yake tu. Nikahesabu kurasa nne nikaziacha tupu, ya tano nikapiga mistari kumi kwa rula, nikaiacha tupu nayo, halafu nikabandika kile kitenge ukurasa wa sita. Mteja akauliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia bado.

Wiki hiyo ndipo niliposoma meseji za watu wa kodi kwenye simu. Zilikuwa zimekuja zamani, moja ya mwezi wa sita kukumbusha awamu, na nyingine baadaye, na sasa awamu ya mwezi wa tisa nayo ilikuwa inagonga mlango, na juu yake nyongeza ya kuchelewa. Nilikaa na simu ile nikaiona imekosea mtu. Mimi si nilikuwa eda? Si cheti kilipelekwa?

Shemeji alikuja Jumapili. Ni mdogo wake mwalimu, dereva wa ofisi moja ya serikali, mtu mwema mwenye sauti kubwa. Alikwishajua, maana nilimwomba anisomee zile meseji mara ya pili.

"Shemeji, uza ovaloki," akasema, hata chai hajainywa. "Nimekupatia mtu, fundi wa Karema. Anakuja mjini mwisho wa mwezi, analipa taslimu. Unalipa deni lote, kinabaki cha sabuni."

"Siuzi."

"Utalipa na nini, na machozi?"

"Mwezi wa tano sikushona. Wa sita sikushona. Wa saba, wa nane. Nilipie nini?"

Akacheka. "Nyie wafanyabiashara mna raha yenu. Mimi mwezi nilioumwa malaria wiki mbili nimekatwa. Mwezi niliomzika kaka yangu nimekatwa. Kuna aliyeniuliza, dereva, moyo wako ukoje mwezi huu, tukupunguzie?"

"Mwezi huo mshahara uliingia?"

"Uliingia."

"Mzima?"

"Mzima, ukatoa makato."

"Basi wewe ulikatwa kwenye kitu. Mimi nakatwa kwenye hewa."

Hapo akakoroga chai. Mimi huwa siongei sana, na tangu msiba nilikuwa naongea kidogo zaidi, kwa hiyo nadhani alishtuka. Nikaendelea. Nikamwambia yeye akiugua kuna bima, akizeeka kuna pensheni, na kodi yake inahesabiwa baada ya kutoa ile ya pensheni. Yangu inahesabiwa kwa kilichopita mkononi, hata kama nusu yake ni uzi, umeme na pango. Yeye akilala, gari linalala na mshahara unaamka. Mimi nikilala, hakuna kinachoamka ila makadirio.

"Sawa," akasema. "Sawa kabisa. Lakini wewe una pa kwenda kulia, shemeji. Una dirisha, una kiti, kuna mtu atakusikiliza. Mimi nikitaka kulia kwa ajili ya makato yangu nikalie wapi, kwa mhasibu? Atanionyesha kompyuta. Na jambo lingine." Akateremsha sauti. "Usinifanye mtoto. Hiyo ovaloki hamkuiandikisha. Kaka aliniambia."

Nilihisi uso unawaka. "Alikuambia lini?"

"Hospitali. Alisema, nikitoka hapa nitakwenda naye mwenyewe tukaiandikishe."

Hakutoka. Nilikuwa sijui kama jambo lile dogo alikuwa amelala nalo kitandani pale pamoja na homa. Shemeji aliona amesema kubwa kuliko alivyokusudia, akanywa chai yake yote kwa mkupuo, akaondoka akisema mtu wa Karema ataleta hela mwisho wa mwezi, nifikirie.

Nilifikiria. Makadirio yasipopungua, sina namna, ovaloki inakwenda Karema. Ikienda, sare za mwezi wa kwanza siwezi kuzimaliza kwa mkono, na bila sare za mwezi wa kwanza mimi ni fundi wa kupunguza suruali tu. Ili yapungue, ilibidi niende nikaseme nilikaa eda. Na kama nitakwenda kusema la kweli ambalo linanipunguzia, nitanyamazaje la kweli ambalo linaniongezea?

Jirani yangu Msukuma alikuwa na jibu. Yeye ana jibu la kila kitu, na alihama na ng'ombe wa baba yake kutoka kaskazini, akawauza wote akanunua vyerehani, hadi leo ndugu zake hawajamsamehe.

"Dada, nenda kawaambie umefunga mwaka mzima," alisema akiwa na pini mdomoni. "Vaa nguo zako zile nyeupe za eda. Kaa kitini, usiseme neno, lia. Maiti haulizwi sanda, na mjane haulizwi mapato."

"Na daftari?"

"Daftari la nini? Lichome. Lile ndilo litakalokufunga. Wewe uliona wapi mtu anabeba ushahidi wake mwenyewe hadi kituoni?"

"Na ovaloki?"

"Ovaloki ipi?" akauliza, akafumba jicho moja.

Nilimpenda kwa hilo, maana alikuwa ananitetea. Lakini nilikuwa nimechoka na watu kunifundisha kulia. Watu wa msibani walinifundisha kulia, shemeji alisema nina mahali pa kwenda kulia, na sasa huyu. Miezi minne na siku kumi nilikuwa nimelia bila kufundishwa, bila mtu wa kuniona, na sikukusudia kwenda kuyauza machozi yale dirishani kwa punguzo. Kama punguzo ni haki yangu, nitaliomba macho makavu.

Nilikwenda ofisi ya kodi Jumatatu. Ndani ya kikapu nilitia cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa mtaa iliyosema nimekaa eda tangu lini hadi lini, na daftari. Sikuvaa nyeupe. Nilivaa gauni la bluu nililoshona mwenyewe.

Afisa alikuwa binti, pengine mkubwa kidogo kwa mtoto ambaye ningemzaa kama Mungu angetupa. Alinipa pole, na akaitoa vizuri. Akasoma cheti, akasoma barua.

"Mama, unaomba nini?"

"Naomba miezi minne na siku kumi itolewe. Sikufanya kazi."

"Fomu haina sehemu ya eda."

"Andika kwamba duka lilifungwa."

"Hilo linaandikika." Akachukua kalamu. "Na miezi mingine ibaki kama ilivyokadiriwa, sivyo?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na yeye alikuwa ameshalisema nusu kwa niaba yangu. Kalamu yake ilikuwa inangoja.

"Hapana," nikasema. "Mwanzo wa mwaka nilisema nina mashine moja. Ninazo mbili. Ya pili ni ovaloki, iko nyumbani. Iliwekwa nyumbani ili msiione."

Akaweka kalamu chini. Mtu aliyekuwa kiti cha pili, akisubiri zamu yake, alinitazama kama nimevua nguo.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu imenunuliwa kwa hela iliyokatwa kodi hadi shilingi ya mwisho. Sitaki iendelee kujificha."

Akafikiri. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu nyumbani, na aliliuliza kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Sasa mama, mashine ilikuwa nyumbani. Na wewe miezi yote hiyo ulikuwa nyumbani. Nitajuaje kwamba hukushona?"

Nilijua nimejifunga mwenyewe. Ningenyamaza juu ya ovaloki, eda yangu ingeaminiwa. Nimeitaja, sasa eda yenyewe ina shaka. Hasira ilinipanda, lakini si kwake.

"Hutajua," nikasema. "Ovaloki peke yake inafunga kingo tu, lakini sitakudanganya, ukiijua inaweza kushona fulana, na mimi naijua. Kwa hiyo hutajua. Angalia hili."

Nikamwekea daftari mezani. Alilifungua kwa vidole viwili kwa sababu ya pini. Akaona vipande, kitenge, kaki, satini ya harusi, polista ya vitambaa vya kanisani, pazia la mtu. Akasoma bei. Akapindua, akapindua tena. Akaacha kuwa afisa kidogo, nikamwona anatafuta rangi anayoipenda.

"Hiki hakina bei."

"Foronya yangu mwenyewe."

"Na hiki?"

"Gauni la mtoto wa jirani. Nilimpa bure. Hata cha bure nabandika, ndivyo nilivyofundishwa kazi."

Akafika kwenye ile kaki. Pembeni yake niliandika vipimo vya kiuno na urefu, na mahali pa bei niliandika neno moja, mwenyewe.

"Huyu mwenyewe ni nani?"

"Ndiye huyo wa kwenye cheti."

Akapindua. Ukurasa mtupu. Akapindua, mtupu. Wa tatu, wa nne. Kwenye ule wenye mistari kumi alisimama, akaihesabu kwa ncha ya kalamu bila kuigusisha karatasi. Halafu akapindua na kukutana na manjano.

"Ulijua utakuja kwetu ndiyo ukaziacha?"

"Sikujua. Meseji zenu nilikuwa sijazisoma. Nilishindwa tu kubandika."

Hakusema anaamini. Alivuta kikokotoo karibu, akaniambia tukae, itachukua muda. Na ilichukua. Nilimsomea bei moja moja, kipande kwa kipande, yeye anabonyeza. Foronya tuliiruka. Gauni la mtoto tuliliruka. Kaki tuliiruka. Nilimkumbusha mahali ambapo mteja hakumalizia kulipa, na mahali ambapo mteja aliongeza kwa furaha, maana vyote nilikuwa nimeviandika. Yule mtu wa kiti cha pili alihamia dirisha jingine, akiguna.

Mwisho alinigeuzia karatasi. Miezi minne na siku kumi ilikuwa imetoka. Miezi mingine ilikuwa imepanda, maana kwa ukweli nilikuwa nashona zaidi ya nilivyosema. Nyongeza ya kuchelewa ilibaki palepale, nami sikuibishia, nilichelewa. Jumla ilipungua, ila si kwa kiasi cha kumfanya mtu apige vigelegele. Ningeyafuata maneno ya Msukuma ningelipa kidogo sana, au nisingelipa kabisa.

"Unaweza kulipa?" akauliza.

Nilitazama ile namba. Nilikuwa na vitenge vya harusi mbili na oda ya sare za shule moja. "Nikimaliza sare, ndiyo. Nipe nafasi."

Tukapanga awamu. Aliponirudishia daftari aliniambia nianze kuandika tarehe na nitunze risiti za uzi na vitambaa. "Mwenye kumbukumbu anakadiriwa kwa kumbukumbu zake, mama. Asiyenazo anakadiriwa kwa macho."

Nikamwambia mwalimu aliniambia hivyohivyo kwa maneno mengine, na kwamba yeye alivuliwa shati amelala kwa miaka yake yote na hakuwahi kupata nafasi ya kubishana kama niliyoipata mimi. Akauliza mwalimu yupi. Nikamwonyesha ile kaki.

Alasiri hiyohiyo nilikodi guta la kubebea mizigo. Ovaloki ikatoka chumbani mchana kweupe, bila blanketi, bila kitenge, ikapita katikati ya mtaa. Nikaiweka barazani kabisa, ikitazama barabara. Jirani yangu aliiona akashika kichwa.

"Dada! Umewapelekea na picha, au bado?"

"Wamepewa vyote."

"Basi umekwisha."

"Sijaisha. Nishikie mguu huu, meza inayumba."

Akaushika. Akaweka kipande cha tofali chini yake, akalaani Wanyamwezi wote kwa kufundisha watu daftari la vipande, akaomba nimfungie kingo za suruali tatu. Nikamfungia, nikabandika, nikaandika bei. Hakuamini macho yake.

Mtu wa Karema alikuja mwisho wa mwezi na shemeji. Aliikuta inanguruma. Alisimama akaisikiliza kama mtu anayesikiliza ng'ombe anayetaka kumnunua, akasema ni mashine nzuri. Nikamwambia najua. Akamwangalia shemeji, shemeji akaangalia barabara. Wakaondoka wote wawili, halafu shemeji akarudi peke yake.

Alikaa kiti cha mteja. Nilimweleza yote, hadi ile karatasi. Alisikiliza bila kupiga kelele, jambo geni kwake.

"Kwa hiyo umekwenda kwa miguu yako kujiongezea kodi."

"Nimekwenda kutoa miezi yangu. Imetoka."

"Na kaka?"

"Alisema tutakwenda kuiandikisha akitoka hospitali. Nimekwenda."

Akajikuna kidevu. Kisha akavua mfuko begani, akatoa suruali mbili za kazi zilizofumuka kingo, akazitupa mezani. Nikazifunga hapohapo, dakika chache tu kwa ovaloki. Nikakata kipande ndani ya pindo, nikabandika, nikamtajia bei.

"Ala! Mimi shemeji yako unanitoza?"

"Usiponilipa nitaandika nini?"

"Andika shemeji. Kama kaka ulivyomwandika mwenyewe."

"Yule alikuwa mmoja."

Akatafuta mfukoni, akatoa noti, akaishika bila kuiachia. "Nipunguzie basi."

"Wewe si unalalamika unakatwa kabla hujaiona? Leo umeiona. Iachie."

Akaiachia. Nikaweka noti kwenye droo, nikaandika tarehe pembeni ya kipande chake kama yule afisa alivyonifundisha, na nikakanyaga mashine tena, maana mwezi wa kwanza ulikuwa unakuja.